Upande wa Kuanzia

Bulapesa, Isiolo
4 Machi 1983

Kwa binti yangu Tiya,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, mbuzi wazima, hata yule paka wa jirani Elizabeth uliyedhani atakufa yuko hapa ananitazama nikiandika. Ndiyo, nikiandika! Hakuna aliyenishikia kalamu. Darasa la gumbaru, la sisi watu wazima, limenitoa gizani. Wenzangu bado wanahangaika na ba-be-bi, mimi nasoma hadi karatasi ya kufungia sukari. Mwalimu M'Ikiara hunigombeza jambo moja tu: "Mama Diba, anzia kushoto! Hapa si madrasa!" Sasa sikosei tena.

Mji wote unajua unachora kuta za jumba la mfalme wa Japani. Elizabeth akaniuliza, "Kwani huyo mfalme hana wachoraji wake?" Nikamwambia anao, lakini mikono yao ni ya kawaida.

Warsame mwenye duka ameleta posa ya mwanawe. Nimemwambia asubiri. Nieleze vizuri hiyo sanaa ya huko nijue cha kuwajibu watu. Na maziwa, yapo?

Mimi mama yako,
Aayo


Tokyo
19 Juni 1983

Aayo wangu,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kuona mwandiko wako hata nikawaonyesha wenzangu. Mimi mzima, ila kikohozi kidogo. Mvua ya huku haijui kuacha, na ukuta wa chumba changu umeota ukungu.

Aayo, sichori jumba la mfalme. Ngoja nikueleze. Huku mtu mzima mwenye tai hukaa kwenye treni akisoma katuni, kitabu kinene kama tofali, na akishuka anakiacha kitini. Wachoraji wa darasa letu wanakiokota. Wanachukua uso mmoja, msichana mwenye macho makubwa kama ya ndama, wanaukuza uwe mkubwa kuliko mlango, halafu unatundikwa katika duka la ghorofa. Watu wanaokuja kununua soksi wanapanda juu kuutazama, na hakuna anayeuliza kama huo ni mchezo wa watoto. Mwalimu wetu anasema hata michoro ya kale wanayoitunza leo kwenye vioo iliuzwa barabarani zamani kama karanga.

Mimi mwanzoni nilichora milima. Akaniambia, "Milima tunayo. Kwenu watu hutazama picha gani wakinyolewa?" Nikakumbuka ubao niliomchorea Kanchoro kinyozi, vile vichwa na wembe, na kikombe cha chai kwenye ukuta wa hoteli ya Dualeh, ambacho ulisema kinanitia aibu. Nimevichora tena, vikubwa. Watu walisimama, Aayo. Walisimama kabisa.

Jambo moja litakuchekesha. Katuni za huku hufunguliwa kama msahafu, unaanzia kulia. Mzungu mmoja wa darasani alianzia kushoto akaniambia ni hadithi tamu, maiti anafufuka na mwisho anaoa!

Tafadhali, usiwaambie watu habari ya mfalme.

Mwanao,
Tiya


Bulapesa, Isiolo
11 Novemba 1983

Tiya wangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Kikohozi kimeisha? Kunywa vitu vya moto na ufunike kifua. Mvua huku imetusahau. Kaka yako Diba amehamisha ng'ombe kuelekea Merti, nimebaki na mbuzi na mdomo wangu.

Basi nimewaambia watu ni duka la mfalme. Usinikasirikie, ghorofa ni ghorofa. Kanchoro tangu asikie ubao wake uko Japani hanyoi mtu bila kumhadithia, anakatakata masikio ya watu kwa maringo. Nilimwambia, "Kichwa kilicho Japani ni chako, lakini mkono ni wa nani?" Akarudi kunoa wembe wake.

Wasichana waliobaki hapa wamezaa, wanachota maji. Wewe peke yako ndiye tunaye. Usije ukakatisha masomo ukarudi nusu njia, mama yangu. Nitauweka wapi uso huu?

Mwenye kujivunia wewe,
Aayo


Tokyo
22 Aprili 1984

Aayo,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe na Diba mko salama.

Nimejaribu kukuandikia mara nyingi na maneno yamekataa, maana nikianza naona uso wako mbele ya watu. Basi nimekuchorea, kama wanavyochora hawa. Kila kilichonipata kimo ndani ya karatasi hii. Haina maandishi, huhitaji mtu wa kukusomea.

Picha ya mwisho ndiyo ombi langu. Usinikatalie, Aayo. Nijibu upesi.

Tiya


Bulapesa, Isiolo
2 Juni 1984

Nuru ya nyumba yangu,

Asalaam aleikum, na shukrani kwa Mungu! Nimesoma karatasi yako peke yangu, kutoka kushoto, picha kwa picha, kama mwalimu alivyonifundisha.

Ya kwanza nikajiona! Mimi, na leso yangu ya maua, nimesimama mlangoni nimeshika chicho, chombo chetu cha maziwa, na wewe umelala kitandani umekonda. Nikasema ndiyo, ni dua zangu zimeingia kwa huyu mtoto. Ya pili umelala umegeukia ukuta. Inayofuata muuguzi amekushika begani. Halafu umekaa na kitambaa mdomoni, chenye doa jekundu, lakini umekaa! Kisha umesimama na brashi, unakohoa kidogo tu. Na ya mwisho, ee Mola, unacheka, mashavu yamejaa, mbele yako kile kikombe cha chai kikubwa kama nyumba na watu wanakushangilia. Macho umejiwekea ya ndama kama wale wasichana wao. Nimecheka nikalia.

Kumbe uliugua hivyo ukanificha! Sasa umepona. Nimechinja mbuzi, na kwa kiangazi hiki watu walikuja wengi. Karatasi imezunguka mji mzima. Elizabeth akaitazama sana, akasema, "Mama Diba, huyu mtoto ananitia wasiwasi." Nikamwambia wasiwasi ni wa wasiosoma.

Ombi lako nimeliona. Unataka uachwe huko uendelee kuchora. Nimekubali kwa mikono miwili. Hata Warsame nimemrudishia posa yake. Kaa, mwanangu. Sitakuita nyumbani.

Mama yako mwenye furaha,
Aayo


Bulapesa, Isiolo
9 Desemba 1984

Tiya,

Asalaam aleikum. Asalaam aleikum, mwanangu.

Barua yangu ya mbuzi imerudi. Haijafunguliwa. Imepigwa muhuri wa maandishi yao, na mtu wa posta anasema maana yake ni kwamba hayupo hapo. Nilimwambia mbele ya watu kwamba bila shaka umehamia nyumba kubwa zaidi. Nilicheka nikisema hivyo.

Jana tulikaa akina mama kusoma dua ya mvua. Ng'ombe wa Diba wamekwisha, mizoga imejaa njia yote ya Kulamawe. Nikafungua msahafu. Mkono ukaenda wenyewe kulia, kama tangu utotoni. Nikasikia maneno yako ya yule mzungu, maiti anafufuka na mwisho anaoa. Nikaacha aya katikati nikatoka mbio, wenzangu wakadhani nimepandwa na kichaa.

Nikaitandaza karatasi yako sakafuni. Nikaanzia kulia.

Tiya, unacheka. Unakohoa na brashi mkononi. Damu iko kwenye kitambaa. Muuguzi hakuinui, anakulaza. Umegeukia ukuta. Na ya mwisho ni mimi, mlangoni, na maziwa.

Hukusema nikuache ukae. Ulisema nije.

Na mimi nilikukatalia mbele ya mji mzima, kwa nyama.

Diba yuko Nairobi tangu asubuhi kwa watu wa ubalozi, awaulize uko hospitali gani. Bado hajarudi. Siwezi kungoja, naandika kwa anwani ile ile, labda kuna mtu anayejua kitanda chako. Maziwa ya ng'ombe hakuna tena, lakini Elizabeth ana mbuzi mmoja anayetoa, na amenipa yote bila hata neno la kunisuta. Nimekifukiza chicho kwa moshi ule unaoupenda. Leso ya maua nimeifua, unijue nikitokea.

Nimeelewa sasa, mama yangu. Geuka utoke ukutani. Waambie wasifunge mlango.

Nakuja,
Aayo