Baba, Koko Amepanda Mlima wa Kasenyi

Baba yangu mpenzi, huko ulipo ambako sitaki kuamini kuna matope,

Koko amepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeulizia kombi lako kwanza, wajukuu baadaye.

Unakumbuka alivyoanza kuugua. Tukipanda mlima kutoka Kasenyi ulinusa hewa ukasema, "Maharagi inaungua," na sote tukajua ni ambreyaji, klachi yake: moteri inalia, magurudumu hayasikii. Kwenye kona ya mwisho ulishusha watu wote, hata mchungaji na koti lake, wasukume huku wakiimba. Mimi tu ulinibakisha ndani. "Weye utakanyaga, mi nasukuma." Mguu wangu haukufika vizuri.

Kisha vita vikafunga barabara. Ukatutangulia kwa Mungu, na Koko akabaki uani, kuku wakitagia chini ya kiti chako. Sasa kumetulia, ingawa utulivu huo tunausema kwa sauti ya chini, kama penye mtoto aliyelala sasa hivi. Baba mdogo akataka kumwuza kama chuma.

"Uzisha hiyo maiti. Kuku tu ndiyo inaitumia."

"Baba mudogo," nikamwambia, "akishindwa kupanda Kasenyi mara moja, utamuuzisha. Akipanda, utanyamaza."

Basi nikaenda kutafuta ambreyaji. Disiki ya zamani niliifunga katika kitambaa cha mtoto nikaikumbatia kifuani, maana mgongoni alikuwa Furaha, anayeota meno na kutunyima usingizi. Njia nzima akina mama wananipongeza, wakidhani nimebeba pacha: "Hongera ya mapasa!" Mmoja akafunua kitambaa, akatazama lile duara jeusi la mafuta, akasema kwa upole, "Huyu amefanana baba yake."

Dukani muuzaji alinitolea seti inayong'aa, katika karatoni yenye picha. Nikafanya ulivyonifundisha: nikalaza disiki yetu juu ya ile mpya. Mpya ikachungulia pande zote kama jupon, sketi ya ndani, chini ya kikwembe.

"Ni kubwa," nikasema.

"Itajizoeza, mama. Hata ndoa inaanzaka hivyo."

"Ndoa yangu haipandake Kasenyi na samaki."

Akacheka, akaleta karatoni nyingine, ya vumbi, bila picha. Nikalaza tena: ukingo kwa ukingo, na meno ya katikati yakaangaliana. Nikanusa pia, sijui kwa nini. Wewe ulinusa kila kitu.

Fundi alipomaliza kufunga, tuliteremka Kasenyi, baba mdogo pembeni yangu na mikono kifuani, akingoja maharagi. Tulirudi tumejaa samaki na wenye samaki. Kwenye kona ya mwisho nikapunguza gia. Akina mama, kwa mazoea, wakaanza kukusanya vikwembe vyao washuke.

"Mubaki!" nikasema.

Koko akakohoa, akashika, akapita. Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyeimba. Baba mdogo alinusa mara mbili, akanyamaza.

Huko juu nikasimamisha gari, nikashuka peke yangu, nikaenda nyuma pale ulipokuwa unasukuma. Nikaweka mkono kwenye bati. Machozi yakanishinda, baba.

"Mama Furaha!" wakapiga kelele ndani. "Lia ukiendesha! Samaki inaoza!"

Basi nikapanda, nikaendesha.

Kuku nimewahamisha. Wamenuna. Wewe pumzika, kusukuma kumekwisha.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa mguu wake unafika.