Hadithi Hazisimuliwi Mchana

Kishapu, Jumamosi

Mama Neema wangu,

Salamu kutoka kwenye joto na vumbi la pamba. Leo shuleni hapa wamesherehekea kitabu changu cha watoto kilichopata zawadi ya kwanza. Nilipoanza kusoma, bibi yangu, aliyenisimulia hadithi zote zile, akaziba masikio.

"Mjukuu wangu, hadithi mchana? Ng'ombe watapotea!"

Watoto wakaniangalia kwa hofu. Basi mwalimu mkuu akafunga madirisha, akawasha kandili, tukakaa gizani tukitokwa jasho. Kila nilipokosea bibi alinisahihisha, mwishowe nikafunga kitabu akasimulia yeye. Walimshangilia kuliko mimi, na ilistahili.

Neema namletea nakala yake. Ng'ombe hatuna, najua, lakini usimsomee kabla jua halijatua.

Wako, Baba Neema