Bakshishi ya Mwosha Vichwa

Jumanne, 4 Machi
Vichwa kumi na moja leo. Bakshishi — sifuri! Mteja akishalaza kichwa kwenye sinki anafumba macho, basi, hata sura yangu haijui. Namkanda mpaka anakoroma. Kisha anahamia kiti cha mdogo wangu, anasukwa, anajitazama kwenye kioo, anajiona mrembo, noti inatoka. Kwa nani? Kwa aliyeshika kitana mwisho. Mimi huku vidole vimechanika kwa shampuu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia mdogo wangu, kwa utani, kwamba na mimi nina tumbo. Akacheka. Eti Dada, wateja wenyewe hawakukumbuki, mimi nifanyeje? Nikaendelea kukunja mataulo. Ndiye aliyeniombea kazi hii, na nalala kwake tangu mume wangu afungashe nguo zake mwaka jana. Siwezi kula kwake na kumpandishia sauti. Lakini nimeudhika. Nimeudhika sana!

Jumamosi, 8 Machi
Kikao asubuhi, kabla hatujafungua. Bosi kasikia kuna manung'uniko. Amri moja tu: atakayekula bakshishi ya mwenzake, siku hiyo hiyo aondoke. Na bosi hatanii — yule wa kucha alifukuzwa brashi ikiwa bado mkononi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia, ndiyo bosi! Kwa sauti kubwa.

Jumatano, 12 Machi
Sina la kuandika. Miguu inauma.

Jumamosi, 15 Machi
Niko stoo, nimekalia ndoo ya dawa ya nywele, mlango nimeufunga kwa ndani.

Amekuja yule mteja wa miwani, mwalimu mkuu mstaafu. Kichwa sinkini, macho kafumba, nikaanza kukanda. Ghafla akasema ni wewe! Hivi vidole anavijua. Nikafurahi kama mtoto. Kumbe hajamaliza. Akauliza, kwa sauti ile ya mbele ya darasa, kama zile bakshishi anazoniachia kwa msusi wake, yaani mdogo wangu, huwa zinanifikia. Kila akija anatoa za msusi mbali, zangu mbali. Tangu mwaka jana!

Tangu mwaka jana. Na juzi mdogo wangu kanikopesha nauli, nikamshukuru! Nikamwombea na dua!

Saluni nzima imesikia. Kuna mtu hata draya kaizima. Bosi pale kaunta kainua uso kutoka kwenye simu. Mdogo wangu kasimama na kitana, ananitazama kwenye kioo kwa yale macho ya utotoni, alipokuwa akivunja kikombe na kusubiri niseme ni mimi. Nikisema zinanifikia, nimemdanganya mama wa watu na nimebaki zuzu. Nikisema hazinifikii, kile kiti kinapata mtu mwingine leo leo. Watoto wake wawili wanakula kwa kile kiti. Na mimi pia.

Nikasema naleta taulo. Taulo! Mataulo matatu yalikuwa pale pale begani kwangu. Mteja nimemwacha na mapovu kichwani, dakika ya tano hii.

Mlango unagongwa taratibu. Ni mdogo wangu, ananong'ona, Dada, Dada. Anapitisha noti chini ya mlango. Moja. Nyingine. Ya tatu imekunjwakunjwa. Sijaigusa hata moja. Na huko nje bosi anauliza ni taulo gani hilo lisilopatikana —