Baba, Hukusinzia

Baba,

Mwangaluka. Nakuamkia ingawa najua hutaitikia. Sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe.

Msimu wa pamba umerudi. Malori yanapita mbele ya nyumba yetu hapa Bariadi, yamejazwa mpaka juu ya bodi, yanayumba kwenye kila shimo. Mama akisikia mngurumo anaingia ndani na kufunga mlango. Hajapanda gari tangu tukuzike. Hata kanisani anakwenda kwa miguu, na jua lote hili.

Mimi bado naendesha gari la wagonjwa kule Lagangabilili. Uliringa sana nilipopata kazi ile. "Kabula wangu anaendesha gari lenye king'ora," uliwaambia hata watu ambao hawakukuuliza. Halafu siku nilipokuja nalo nyumbani ulilizunguka, ukaligonga ubavuni, ukakunja uso. "Refu hili, ng'wanawane, mwanangu. Refu na jembamba. Ulijue."

Ukaniletea ndoo ya maji nijitwike, mimi mtu mzima mwenye ajira, ukaniambia nikimbie uani. Nikakimbia. Ukapiga kelele, "Kushoto!" Nikageuka, maji yote yakanimwagikia begani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Umeona? Miguu imegeuka, maji hayajapata habari. Gari refu ndivyo lilivyo. Ukikata usukani ghafla, matairi yanakwenda unakotaka, mzigo wa juu unaendelea na safari yake ya mwanzo. Likishanyanyua tairi za upande mmoja, wewe si dereva tena, ni abiria. Kitu kikikurukia mbele, shika breki, usukani unyooke, umwombe Mungu."

Ulijua, Baba. Hilo ndilo linalonimaliza. Ulijua kuliko dereva yeyote ninayemfahamu, na bado lori lako lililala ubavu mchana kweupe, kwenye barabara iliyonyooka, ukiwa peke yako. Walikutoa chini ya pamba. Nyeupe yote ile.

Msibani walisema ulisinzia. Hawakusema kwa ubaya. "Mzee alichoka, safari zilikuwa nyingi." Mama aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu. Mimi niliumia, lakini ningejibu nini? Hapakuwa na shahidi. Mwishowe nikakubali. Nikajifariji kwamba angalau hukuhisi kitu, kwamba ulipitiwa tu.

Wiki iliyopita nilitumwa kumchukua mama mjamzito kwenye zahanati moja ya vijijini. Uchungu ulikuwa umekaa naye muda mrefu, mtoto hatoki. Jina lake silitaji hata kwako. Nesi alikaa naye nyuma, tukaondoka kuelekea Bariadi, king'ora kinalia. Njiani ndama akachomoka kando ya barabara.

Mikono yangu ilitaka kukata usukani. Ilitaka yenyewe, Baba. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikaung'ang'ania usukani unyooke, na tukamgonga. Gari liliinamisha pua, likatikisika, likabaki wima. Mwenye ng'ombe alikuja na fimbo akitukana. Alipochungulia nyuma na kuona hali ya yule mama, akaishusha fimbo, akatuambia twende.

Ndipo yule mama akaanza kulia. Alidhani anakufa. "Dada, wewe si binti wa yule mzee wa lori lililoanguka, yule anayeendesha gari lenye king'ora? Nisife na jambo hili. Baba yako hakusinzia. Mimi nilitokea nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe, mtoto mgongoni, sikuangalia barabara. Alinitazama usoni. Alinitazama, halafu akakata usukani."

Nesi alimwambia anyamaze, atunze nguvu. Hakunyamaza. Alisema lori lilipolala alikimbia, akajificha, na hajamwambia mtu yeyote, hata mumewe.

Alijifungua salama. Mtoto wa kike. Nilipoingia wodini alinishika mkono, hakuniachia. "Usiwaambie, dada. Wataniita muuaji."

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Nimepata ukweli wa kukusafisha. Nilirudi kwenye gari, nikafunga vioo, nikapiga yowe mpaka koo likakauka. Afadhali ungesinzia. Nisamehe, lakini afadhali. Aliyesinzia hakuchagua. Wewe ulipata nafasi ya kumtazama mtu usoni. Breki zisingelisimamisha lori lile kabla ya kumfikia, si kwa mzigo ule, na ulijua. Na ulijua likikatwa litaanguka. Ukakata.

Nilimweleza Mama jikoni, akichambua mchicha. Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza, "Alipomwona yule, na sisi alituona?"

Ndiyo maana nakuandikia. Ulituona, Baba? Hata kidogo? Mama anasubiri nimwambie kitu, na kila nikirudi kutoka kazini ananitazama mdomo.

Tumekubaliana mimi na yeye kwamba jina la yule mama halitatoka nyumbani mwetu, na nesi naye ameapa kutosema. Ana watoto wawili sasa. Watu waendelee kusema wanavyosema. Nikiyasikia maneno hayo sokoni nitauma meno, nitanunua dagaa wangu, nitaondoka. Inaniuma kuandika hivi. Hukustahili.

Jana Mama alinishika mabega akanitaka niahidi kwamba mtu akinitokea mbele ya gari, sitakwepa. Mama yetu huyu mpole, Baba, aliniomba hivyo. Niliitoa mikono yake taratibu, sikuahidi. Ndama ni ndama. Akiwa mtu, na ananitazama, na nyuma yangu kuna mgonjwa na nesi, mikono yangu itafanya nini? Sijui. Naogopa kwamba najua.

Kesho naingia zamu. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: penye watu, penye mikokoteni, penye kona, nitapunguza mwendo mapema, niwahi kusimama kabla sijalazimika kuchagua. Na siku ambayo mgonjwa anavuja damu nyuma na nesi ananipigia kelele nikaze mwendo, hapo sina ahadi. Hapo nitakuita wewe.

Kwaheri, Baba yangu.

Binti yako,
Kabula