Ukindu Mbichi Darasani

Nyabiyonza,
14 Februari 1954

Kwa mjukuu wangu Kyarisiima,

Hujambo, mke mwenzangu? Na lile jino, limetulia? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeota kiburi. Likiamka vibaya, siku hiyo kila mtu amenikosea. Ng'ombe wawili wa mjomba wako Muhangi wamezaa. Migomba imesimama.

Anayeandika ni Adelgunda, mke wa katekista, maana mimi nikishika kalamu naona kama nimeshika mjusi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie maneno ya kanisani.

Barua yako alinisomea mara mbili. Umesema huko chuoni unalipwa kwa saa. Nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu Pulkeria akaja mbio akidhani kuna posa. Saa! Nyabiyonza nzima tunazo mbili, ya padri na ya yule mwenye duka, na ya mwenye duka haitembei. Wewe unafundisha mwaka wa tatu huu, unazo ngapi? Usizivae zote mkono mmoja, watu wana macho. Nitumie moja tu, Muhangi akaniuzie, nipate mbuzi.

Sijui kwa nini wanakulipa vitu badala ya fedha, lakini Wazungu nao wana mila zao.

Mimi bibi yako,
Auleria Kokwijuka


Chuoni, njia ya Kaisho,
2 Machi 1954

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo. Goti lako nalipa pole, na kiburi chake nakijua kilikotoka. Mimi jino limepoa, ila homa ilinilaza wiki mbili.

Bibi, nimecheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli. Hawanipi saa za kuvaa. Kengele ikigonga naingia darasani, ikigonga tena natoka. Hapo katikati ndiyo saa moja, na hiyo ndiyo wanayolipa. Nafundisha wasichana ishirini na wanne wanaosomea ualimu, nawafundisha kushona vikapu kama ulivyonifundisha. Saa mbili Jumanne, saa mbili Alhamisi, basi.

Lakini wewe unajua kikapu kinaanzia wapi. Jumatatu nashuka kinamasini kukata ukindu. Nauchana, nauchemsha, nauanika, nauzika kwenye tope jeusi ushike rangi, nauosha. Nafanya hivyo kwa ajili ya wasichana wote, ili kengele ikigonga wakute ukindu tayari washone tu. Jioni nafumua makosa yao moja moja. Hayo yote hayana saa. Na zile wiki mbili za homa hazikuwa na kitu, wala hakuna aliyekuja kuniuliza kama nimekufa.

Wapo walimu walioandikwa. Hao majina yao yamo katika daftari kubwa la Mama Mkuu. Wana nyumba, wana likizo, wakiugua wanaletewa uji. Mimi sijaandikwa. Nalala stoo ya majembe. Mwaka wa kwanza Mama Mkuu alisema, "Mwaka kesho utaandikwa, Kyarisiima." Mwaka wa pili akasema hivyo hivyo. Juzi nilimwuliza, akanijibu kwamba subira ni pambo la mwanamke.

Bibi, nataka jina langu liandikwe. Sitaki kingine.

Mjukuu wako,
Kyarisiima


Nyabiyonza,
21 Machi 1954

Kyarisiima mama yangu,

Umelala umeshiba? Kama hujashiba usinifiche. Ndizi nimempa dereva wa lori la kahawa, mkungu mzima, na akiupunguza nitamjua kwa uso wake.

Pambo la mwanamke! Adelgunda hataki kuandika nilichosema hapa. Basi acha pengo, atalisoma mwenyewe.

(Nimeacha pengo. Adelgunda.)

Mimi sijasoma, kwa hiyo nieleze polepole. Mtu akija kwangu kunywa rubisi, aniambie, "Bibi, nakulipa kwa kumeza tu. Kumenya ndizi, kukanyaga, kuchuja, kungoja pombe iive, hayo yako." Nitamwacha atoke na meno yote? Kikapu hakishonwi darasani. Darasani kinamaliziwa. Kazi yenyewe ni ile wasiyoiona, na hawaioni kwa sababu wewe umewazoesha. Unawapelekea ukindu umeshaiva, mweupe huku, mweusi kule, kama umeota hivyo. Wanadhani unaota hivyo!

Sasa sikiliza. Usikate tena ukindu Jumatatu. Jumanne kengele ikigonga, ingia, wasalimu, wapange mstari, uwapeleke kinamasini. Wakate wao. Kengele ya kutoka ikigonga, acheni pale pale, hata kama kisu kimo katikati ya jani. Alhamisi wachane. Jumanne nyingine wachemshe. Usiwafanyie hata unyuzi mmoja nje ya kengele. Peleka ukindu mbichi darasani, mwanangu, waone saa inafananaje.

Wakikuuliza, jibu kwa adabu. Adabu hainunuliwi, na inawakera zaidi.

Bibi yako anayekupenda hadi kwenye hili goti,
Kokwijuka


Chuoni,
9 Juni 1954

Bibi yangu,

Shikamoo. Ndizi zilifika, zimepungua vichane viwili; mwangalie huyo dereva uso.

Nimefanya ulivyosema. Wiki ya kwanza wasichana walirudi na tope mpaka magotini, mmoja kapoteza kiatu, Celestina (yule hodari kuliko wote, nilikwambia) akiimba. Mama Mkuu alisimama barazani. "Mwalimu, hawa wametoka wapi?" Nikamwambia, "Darasani, Mama." Akasema darasa ni lile lenye ubao. Nikamwambia ukindu hauoti kwenye ubao.

Wiki ya tatu walichemsha, kengele ikagonga maji hayajachemka, tukazima moto tukaondoka. Mpishi alidhani nimerogwa. Wiki ya tano tulizika kwenye tope. Sasa ni mwezi wa tatu tangu tuanze na tuna vitako vya vikapu tu, ishirini na vinne, havina ubavu wala mdomo.

Naogopa, Bibi. Mkaguzi wa vyuo anakuja mwezi wa saba, mama wa Kizungu, na kila mwaka Mama Mkuu humpangia meza ndefu ya vikapu. Ameniita ofisini. Amesema nikirudia utaratibu wa zamani, vikapu vikawa tayari, atazungumza na wakubwa jina langu liandikwe. Hakusema mwaka kesho. Alisema mara hii. Nifanyeje? Nikikaa usiku kucha na ukindu naweza kumaliza. Nijibu upesi.

Mjukuu wako,
Kyarisiima


Nyabiyonza,
20 Juni 1954

Kyarisiima,

Sisi wazima. Tukiacha salamu zilizobaki hutakufa.

Usimalizie. Mtu akikuahidi kitu mara mbili, ya tatu haikomai kwa kuitazama. Akiandika jina lako kwanza, ukiliona kwa macho yako ambayo mimi nilikupeleka shule uyafungue, hapo kaa na ukindu hata mpaka jogoo awike. Asipoandika, mpangie meza ya vitako. Kitako kizuri nacho ni kazi, mimi nilisifiwa changu ujana wote.

(Bibi anacheka hapa. Mimi sikutaka kuandika. Adelgunda.)

Simama. Mimi niko nyuma yako.

Bibi yako


Nyabiyonza,
5 Septemba 1954

Kwa Kyarisiima,

U mzima? Mwezi wa saba umepita, wa nane umepita. Mkaguzi alikuja? Meza ilikuwaje? Sijapata hata kipande cha karatasi. Kama una kazi nyingi sema una kazi nyingi. Muhangi anakusalimu. Yule ndama mwekundu nimempa jina lako, mkaidi sana.

Bibi yako


Nyabiyonza,
24 Novemba 1954

Kyarisiima,

Senene wameanguka. Nimekukaangia kopo zima, limefungwa vizuri, mpelekaji ni mtu wa Kaisho. Kama umekasirika nami, kula kwanza, halafu ukasirike umeshiba.

Bibi yako

(Dada, mimi Adelgunda naongeza bila yeye kujua. Kila lori likipita anatoka barabarani na lile goti. Dereva akimwambia hakuna kitu, anamtukana, kisha anampa ndizi. Mwandikie.)


Kaisho,
18 Desemba 1954

Bibi,

Shikamoo. Senene nimekula. Nilikula nikiwa nimekasirika, kwa hiyo amri yako nimeivunja.

Utaona sikuandika "Chuoni". Siko chuoni. Niko kwa rafiki yangu Margreth, namsaidia kushona nguo. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu ilitaka kuandika kwamba ni wewe. Ni wewe uliyeniambia nisimalizie. Sasa nimeandika, imetoka.

Mkaguzi alikuja. Nilimpangia vitako ishirini na vinne. Mama Mkuu alikuwa mwekundu kama kahawa mbivu. Yule mkaguzi akachukua kimoja, akakigeuza, akamwuliza Celestina ukindu huu ameufanyaje mweusi. Celestina akamweleza yote, tope la wapi, siku ngapi, jani gani halishiki rangi. Akamwuliza mwingine, naye akaeleza. Mkaguzi akasema miaka yote ameona vikapu vizuri hapa, wala hajawahi kukuta msichana anayejua vinavyoanza. Bibi, nilisikia kwa masikio yangu. Akaomba daftari kubwa ili aandike sifa mbele ya jina la mwalimu. Mama Mkuu akalifungua. Wakatafuta. Jina halimo. Mkaguzi akasema, "Oo," akalifunga, akaenda kunywa chai.

Sifa akaiandikia chuo.

Muhula ulipokwisha niliambiwa muhula unaofuata hakuna saa zangu. Wamempa Celestina. Analipwa kwa saa, analala stoo ile ile ya majembe. Ameambiwa mwaka kesho ataandikwa.

Siku ya kuniaga walinipigia makofi, wakanipa kiboksi. Nikakifungua. Saa ya mkononi, Bibi, ya kike, ina mkanda wa ngozi. Ulivyosema wewe. Wamenilipa saa.

Celestina amekuja hapa mara mbili kuuliza habari za tope jeusi, maana lile la karibu limekauka. Nilimwambia Margreth amwambie sipo. Anakula chakula changu halafu anataka na kijiko.

Sijui nirudi na uso gani. Krismasi njema.

Kyarisiima


Nyabiyonza,
6 Januari 1955

Kyarisiima, mke mwenzangu, mtoto wa mtoto wangu,

Uko hai. Hizo ndizo salamu zangu leo.

Nilikupa shauri nikiwa nimekaa kwangu, kibanja changu, kitanda changu. Aliyelala stoo ni wewe. Kwa hiyo kosa ni letu wawili, na nusu yangu naibeba, wala sikuombi uninyanyulie. Lakini usiniambie ulikosea kuonyesha kitako. Yule Mzungu alitafuta jina lako. Miaka mitatu ulikuwa unawachemshia ukindu nje ya kengele na hakuna aliyetafuta. Safari hii wametafuta, wakaona pengo mbele ya watu. Hilo pengo mimi nalijua. Ni kama lile la Adelgunda, kila mtu anajua kilichokuwamo.

Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Kikapu cha Pulkeria nimekitupa nje na mwenyewe hakukosa kitu.

Uso wa kurudi nao ni huo huo uliotokea nao, mimi ndiye niliyeuosha wa kwanza. Njoo. Ukindu huku haujakauka, na wanawake wa Chonyonyo wameshaniuliza mara tatu kama yule mwalimu wangu atakuja.

Ila kabla hujapanda lori, fanya jambo moja, na ukikataa usije. Mtafute huyo Celestina. Si yeye aliyekufunga nje, amesukumwa aingie ulikotolewa, na ana umri wa kuamini mwaka kesho. Mwonyeshe kutafuta tope la zamani chini ya mafunjo, kama nilivyokuonyesha mimi huku. Kisha vua hiyo saa umfunge yeye mkononi. Mwambie imetoka kwa bibi mmoja asiyejua kuisoma. Mwambie asianze kuhesabu kengele ikigonga. Aanze anaposhika kisu.

Mbuzi nitanunua mwenyewe.

Bibi yako,
Kokwijuka

(Jina hilo la mwisho ameliandika kwa mkono wake. Alishika kalamu tangu asubuhi. Mjusi hakumng'ata. Adelgunda.)