Cheti Chako Hakikuungua

Avenyu ya 14, Buyenzi,
Bujumbura.
Tarehe 16 Juni 2002.

Mpendwa mwanangu Kudra,

Assalaam alaykum. Anayekuandikia ni Baba Mkubwa wako Shakuru, miaka sabini na sita. Nimezika wadogo zangu wa kiume wote wanne, baba yako akiwa wa mwisho, na wake wawili. Nimewaona Wabelgiji wakiondoka, nimemwona mfalme akiondoka, na magari niliyoyafufua kwa mikono hii yamekufa tena yote. Mi bado natembea bila fimbo. Usiulize nani ameniandikia. Naandika mwenyewe, leo ni siku ya nne, na karatasi hii ni ya tatu.

Hujambo huko Kigoma? Twalibu mumeo hajambo, kifua kimemwacha? Watoto wanakula vizuri? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mama Mkubwa Mwantum hajambo, ila goti la kushoto. Milio ya bunduki bado tunaisikia upande wa milimani, siku nyingine karibu, siku nyingine mbali, lakini gereji inafunguliwa kila asubuhi na watu wanaleta magari yao.

Idi akileta spea kutoka huko anatupa habari zako. Amesema unashona sare za shule, na mtoto akija kuchukua shati lake humpi mpaka ahesabu vifungo vyote kwa sauti. Mwantum alicheka sana. Mi sikucheka. Nilitoka nje nikakaa juu ya tairi.

Sasa nalisema neno lililonifanya nishike kalamu. Cheti chako cha miaka mitatu ya shule ya ualimu hakikuungua. Nilikudanganya.

Soma kwanza mpaka mwisho, hasira uiweke pembeni kidogo.

Unakumbuka ulivyokuwa unanieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, nami nakuambia hakuna jipya, yote yako gereji? Mwaka wa kwanza mlikaa chini mkajifunza upya mambo mliyodhani mnayajua. Mwaka wa pili mlipelekwa kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu, na daftari, mnaandika alivyouliza, alivyonyamaza, alivyomwita mtoto asiyenyoosha kidole. Nikasema ni sawa na kwetu, mwaka mzima unaosha vyuma na kushika taa, funguo hugusi. Halafu ikaja ile karatasi ya somo, ambayo kila dakika ina kazi yake: mtoto anajua nini tayari, utamwuliza nini, asipojibu utafanya nini. Usiku mmoja uliandika tatu ukazichana zote. Mwaka wa tatu mkaanza kufundisha nusu saa, wenzenu wamekaa nyuma, na ukimaliza wanakutajia makosa yako yote nawe huruhusiwi kujibu mpaka wanyamaze. Hapo nilisema mi nisingeweza. Ulidhani ni mzaha.

Ilibaki staji, yale mazoezi ya kufundisha ya wiki sita, katika shule moja huko Kamenge, na somo la mwisho mbele ya majaji. Basi. Gari lilikuwa limeshafungwa boliti zote, limebaki kuwashwa.

Ubao wako nilikupa mimi. Ile kapo ya Peugeot 404, kifuniko cha injini, niliipaka rangi nyeusi mara mbili, ukaiegemeza ukuta wa uani. Nani mwingine Buyenzi alikuwa na ubao wa chuma? Jirani walikuja baada ya alasiri kukaa kwenye mkeka wawe wanafunzi wako, na mi nilikuja na kiti changu, nikakaa mbele kama mwenye shule.

Siku hiyo ulifundisha kugawa. Ukauliza, kati ya moja ya tatu na moja ya nne, ipi kubwa? Nikasema moja ya nne, tena kwa sauti. Mutu wa gereji akili yake iko kwenye funguo: ya kumi na nne ni kubwa kuliko ya kumi na tatu, hata kipofu anajua. Watu wakaangua kicheko. Mzee Amissi, jirani yetu anayeziba redieta za magari, alicheka mpaka akashika ukuta. We hukucheka. Ulinitazama kama ulivyofundishwa kumtazama mtoto, ukasema polepole:

"Umekaribia, Baba Mkubwa. Jaribu tena."

Kama ungecheka ningekutukana na mambo yangeisha. Ule upole ndio uliniumiza. Nilinyanyuka, nikabeba kiti changu. Mwaka mzima Amissi akinipita gereji ananisalimu, "Umekaribia, mzee?"

Halafu vikaja vita vya mwezi wa tatu mwaka tisini na tano. Unakumbuka tulivyovuka kwenda Uvira na magodoro. Kabla ya kuondoka nilifanya walivyofanya mafundi wote wa mtaa: vitu vya thamani tukavitia ndani ya mabuati ya gia yaliyokufa, yale masanduku mazito ya chuma, tukafunga boliti, maana mwizi hawezi kukimbia na buati begani. Cheti chako nilikikunja ndani ya plastiki, juu yake kitambaa, nikakiingiza kwenye buati ya Toyota. Nikaitia alama kwa chaki.

Tuliporudi nyumba ilikuwa majivu upande mmoja, na ubao wako umeibiwa. Lakini buati zilikuwa pale pale zote. Siku ile ile nilijua cheti kiko salama.

Baada ya mwezi alikuja mwalimu wako, Madamu Caritas. Alisimama mlangoni mwa gereji na viatu vyake safi, akasema staji inaanza, daftari za shule zimeporwa, kila mwanafunzi alete cheti chake cha miaka mitatu. Amissi alikuwepo. Akasema kwa kunong'ona, lakini nikasikia, "Sasa mzee atafundishwa vizuri." Nikamwambia Madamu, cheti kimeungua na nyumba.

Ulikuwa umesimama nyuma yangu na ndoo. Uliniuliza jambo moja tu, kama makaratasi yote yameungua. Nikasema yote. Ukaweka ndoo chini taratibu, maji hayakumwagika. Mwaka ule ule ukaolewa, ukavuka kwenda Kigoma.

Miaka yote hii watu wakiniuliza nasema ni vita. Nani atabisha? Vita vimebeba makosa ya watu wengi mjini hapa. Nilijiambia pia kwamba njia ya Kamenge ilikuwa mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Lakini siku ile nilipofungua mdomo sikufikiria njia. Nilifikiria kile kicheko.

Mwezi wa nne mwaka huu Madamu Caritas akaja tena, mvi zimemjaa. Walimu hawatoshi, wengine wamekimbia, wengine wamekufa. Shule inawarudisha wote waliokatishwa masomo na vita wakiwa wamebakiza staji. Akauliza habari zako. Nikamwambia asubiri, nikaingia nyuma kwenye chuma chakavu.

Buati haikuwepo.

Mwanangu, mi buati naijua kwa kuinyanyua tu. Nimejisifu hivyo miaka hamsini. Lakini siku hizi sinyanyui, naonyesha kwa kidole. Mvua ilikuwa imefuta chaki, na mwaka jana nilimwonyesha kwa kidole mteja mmoja, Népomuscène wa Musaga, mwenye basi dogo. Nilimwambia, chukua ile ya mwisho, ndani haina kitu.

Nilipanda kwenda Musaga siku tatu mfululizo ndipo nikamkuta. Aliingia ndani akatoka na kitambaa cheusi cha oili.

"Mzee, karatasi yenye muhuri situpi," akasema. "Kwa nchi hii, najua kesho nani ataililia?"

Oili imeingia. Picha yako imekuwa doa. Jina limebaki herufi mbili za mwanzo. Muhuri unaonekana, na alama ya somo lako la majaribio inaonekana: kumi na saba juu ya ishirini. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya mtu nisiyemjua nikaisoma ile kumi na saba.

Ndiyo, niliisoma, mi ambaye sikujua hata herufi. Hujui kwamba Mama Mkubwa wako alikuwa akisikiliza masomo yako yote akiwa jikoni. Daftari lako la masomo alivuka nalo Uvira amelifunga tumboni. Amenifundisha nalo miaka miwili sasa, karatasi baada ya karatasi, kwa mpango wako ule ule. Nikikosa anasema maneno yako yale. Siku za kwanza nilikasirika, nikatoka. Baadaye nikawa narudi.

Komisiyo ya shule ilisema cheti kilichoharibika kinapokelewa kama mlezi atakuja mwenyewe aeleze kimeharibikaje, na watu wa kumshuhudia. Alhamisi iliyopita nilivaa kanzu nyeupe nikaenda. Watu watano mezani. Nilikuwa nimetayarisha kusema ni vita. Mmoja wao, kijana wa miwani, alikuwa ameshaanza kuandika hivyo kabla sijasema.

Nikamwambia, "Apana, futa hiyo. Vita viliunguza nyumba. Cheti nilikiunguza mi, kwa mdomo."

Wakaniuliza kwa nini. Nikaeleza yote, na moja ya nne pia. Hakuna aliyecheka. Kijana aliandika karatasi mbili, nikatia sahihi, jina zima, si kidole.

Wamekukubali. Staji inaanza Septemba, na lazima ufike mwenyewe kabla ya tarehe kumi na tano Agosti. Shule utakayopewa ni ya hapa Buyenzi, unakwenda kwa miguu. Ukisema hutaki, mimi sina neno. Una nyumba yako, una watoto, na miaka saba nimeila mimi, siwezi kuitapika. Ukija, kapo nyingine nimeshaipaka rangi. Chumba cha uani ni chenu, na Twalibu akitaka kufuatana nawe, gereji ina kazi.

Moja ya tatu ni kubwa, Kudra. Mwantum alinikatia chapati mbili, moja vipande vitatu, nyingine vinne. Nimechelewa kujibu.

Nisalimie Twalibu, watoto wako, shangazi yako Soumaya wa Ujiji, na bibi wa jirani aliyekupokea siku ya kwanza. Mwantum anakusalimu, anasema uje na shuka zako, za hapa zimechakaa. Mungu akulinde ziwani na barabarani, akupe moyo mpana kuliko wangu.

Wako akupendaye, aliyekukosea,
Baba Mkubwa Shakuru.

Ukiona mzee anajisifu tena, waulize hawa: Népomuscène wa Musaga, aliyetoa cheti kwenye buati, Madamu Caritas, aliyekaa pembeni yangu mbele ya komisiyo, Mwantum, anayejua kila siku niliyokasirika na kila siku niliyorudi, na Amissi wa redieta, aliyekuwepo nilipokosa jibu na nilipodanganya. Alhamisi nilimwomba anisindikize awe shahidi. Alikuja, akavua kofia, akawaambia alikuwepo siku zote mbili.