Chaki kwenye milango ya Beu

Beni, Jumatano jioni.

Mvua ilianza alfajiri ikakata katikati ya asubuhi, kisha jua likatoka kali, matope yakaanza kutoa mvuke. Mimi ni mtu wa Butembo, nimezoea baridi na sweta. Joto la Beni hunichosha kabla sijaanza kazi. Leo nimeamka peke yangu, nimekula peke yangu, na nadhani nimeongea na ndoo kuliko nilivyoongea na watu.

Niseme kwanza kilichonileta huku, maana blogu hii ina wasomaji ambao hawanijui (karibuni, nyote wawili). Nafundisha shule ya uuguzi Butembo. Nilishuka Beni na wanafunzi wanne kufanya utafiti katika mitaa ya Beu: kwa nini wajawazito wanachelewa kufika kituo cha afya, na wengine hawafiki kabisa mpaka uchungu uwashike. Tulipanga nyumba moja. Wavulana chumba cha mbele, wasichana cha nyuma, mimi katikati kama askari wa mpakani.

Jioni walikuwa wakigombania karai la kuogea, wakinificha vicheko vyao, wakisifu sombe yangu ya majani ya muhogo ili niwaongeze. Nilikuwa nikiwakaripia kwamba wana kelele.

Sasa nyumba iko kimya kama nilivyotaka.

Katika utafiti wa namna hii nina somo moja tu ambalo naliamini kwa moyo wote. Usiingie kwa mama wa watu na karatasi ya maswali mbele. Keti chini, vuta ungo, chambua naye maharage. Uliza habari za soko, za mvua, za mtoto anayekohoa. Maharage yakikaribia kuisha atakuwa ameshakwambia mwenyewe kwa nini hakwenda kliniki, na mara nyingi si sababu uliyoiandika kwenye karatasi yako.

Kahindo alilishika somo hilo kuliko wenzake. Ni binti mpole, mtoto wa mchungaji, hana haraka na mtu. Wenzake wakimaliza nyumba tatu yeye bado yuko kwenye ya kwanza, anamenya ndizi za watu. Wenzake walimcheka. Mimi nilijifanya simwoni, lakini nilikuwa namwona, na nilijivuna kimyakimya kama niliyemzaa.

Halafu likaja jambo la chaki.

Ili tusiingie nyumba moja mara mbili, niliwaambia waweke duara dogo la chaki mlangoni kila wanapomaliza, kama wafanyavyo wachanjaji wa watoto. Kongo nzima inaijua chaki ya wachanjaji. Sikukumbuka kwamba ile mitaa sasa imejaa watu waliokimbia kutoka upande wa Eringeti, waliotembea na watoto mgongoni waasi walipoingia vijijini mwao. Huko kwao kulikuwa na uvumi kwamba nyumba ikichorwa alama, ndiyo itakayovamiwa. Mama mmoja alitoka nje asubuhi, akaona duara kwenye mlango wa jirani yake, kisha akaliona kwenye mlango wake, akaanza kupiga kelele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kufikia mchana vijana wa mtaa walikuwa wamewazunguka wanafunzi wangu penye bomba la maji, wakiwauliza nani amewatuma.

Hawakupigwa, Mungu asifiwe. Chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, alifika mbio, kandambili mkononi, akasimama katikati yao.

"Hawa ni batoto ya masomo, mubaachilie," alisema. "Mais ile chaki, benye bameiandika njo bataifuta."

Kesho yake wazazi walipiga simu, shule ikatuma gari, wanafunzi wakarudishwa Butembo. Mimi sikupanda. Niliwaambia lazima mtu abaki afute milango kama chef alivyoagiza, maana tukiondoka hivi hivi hakuna mwanafunzi mwingine atakayepokewa Beu. Ni kweli. Lakini si kweli yote. Nyumba yangu Butembo haina mtu. Mume wangu alifariki, watoto hatukujaliwa, na shemeji zangu huja pale tu wanapotaka kujua kama bado naishi humo. Huku angalau nilikuwa na kazi ya kufanya.

Jana Kahindo aliniandikia: "Madame, papa anasema kama wewe unasema njia iko muzuri, nitakuya. Bila ile kazi nitapoteza mwaka. Nikuye?"

Sikujibu.

Nilijua uzito wa lile neno. Kazi yake ya mwisho ni huu utafiti, na bila kuumaliza hapati diploma mwaka huu. Baba yake ni mtu anayeniamini. Nikisema njoo, atampandisha gari asubuhi. Na barabara kati ya Butembo na Beni sote tunaijua. Leo inapitika, kesho watu wanasimama pembeni wakingoja jeshi liwasindikize, keshokutwa tunapokea habari mbaya. Nilijiambia nitauliza kwanza. Kisha sikuuliza mtu, kwa sababu sikutaka kuambiwa hapana.

Niliandike wazi: nilitaka aje. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya mwaka wake. Nilitaka mtu wa kula naye. Nilitaka kusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na sauti ikisema "Madame, nimerudia." Kwa ajili ya hilo nilikuwa tayari kumweka mtoto wa mwenzangu barabarani, na nimeshangaa jinsi nilivyokuwa karibu.

Basi leo nilibeba ndoo, sabuni na kitambaa, nikaenda kufuta. Mvua haikunisaidia kitu. Milango iko chini ya mabati, maji hayaifikii, na chaki ikiingia kwenye mbao zisizopakwa rangi inang'ang'ania kama deni. Nilisugua mpaka vidole vikajikunja. Kwenye nyumba nyingine walinifungulia, wakanitazama, wakafunga. Kikongwe mmoja aliniletea kitambaa kikavu akaniambia "wasingya", asante, kana kwamba nimemletea zawadi. Msichana aliyekuwa anasuka mwenzake kibarazani hakuweza kujizuia.

"Madame, ukimaliza milango utaosha na madirisha?"

Nilicheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu wanafunzi waondoke, na kilinitoka na machozi kidogo. Nilijifuta na kitambaa chenye chaki, kwa hiyo nadhani nilimaliza mtaa uso mweupe.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mama Zaituni. Ni mama wa Kiislamu, ana meza ya vitenge sokoni na mimba kubwa sasa, na mume wake ni dereva wa lori. Nilipoinua kitambaa aliweka kiganja chake juu ya lile duara.

"Hapa kwangu hapana kufuta."

Nilimweleza kuwa chef ameagiza.

"Chef eko na mulango yake. Hii ni ya ule mwana wako, Kahindo. Alichambua maharage yangu yote, mpaka nikamwambia mambo ile hata bwana yangu hajue. Alisema atarudia, aniambie na wamama bengine balisema nini. Batu banakuyaka hapa kutuuliza, banaandika, banaenda, hatubaonake tena. Yeye aliapa. Donc alama ibakie mpaka akuye."

Nilisimama na kitambaa kinachodondosha maji. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ya chini ambayo sikuipenda, kwamba labda atakuja kesho.

Mama Zaituni alinitazama vizuri.

"Kesho na njia gani? Bwana yangu ametoka Butembo jana jioni. Balilala njiani juu ya masasi, risasi zililia usiku muzima. Madame, hapana kumuita mutoto ya benyewe."

Ndiyo. Hivyo tu. Nilikuwa nimekwepa kuuliza, na jibu likanifuata mlangoni.

Nilikausha mikono kwenye kitenge changu, nikatoa simu, nikaandika palepale: "Usije. Njia mbaya. Mwambie papa nimesema hapana."

Hata sijairudisha simu mfukoni, ikalia. Kahindo alikuwa analia, anauliza kuhusu mwaka wake. Mama Zaituni akanyoosha mkono, akaichukua simu kama yake. "Kahindo? Eh, mwana, nyamaza. Njoo nikuambie." Akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo, akaweka simu juu ya goti, sauti ikiwa wazi, akaanza kuchambua. Kahindo alijipangusa kamasi, tulimsikia, akamuuliza Mama Zaituni habari za mgongo na ile mimba. Kisha habari za soko. Kisha akamweleza, taratibu, yale ambayo akina mama wengine walisema: kwamba wengi wao wanaogopa njia ya kwenda kituo kuliko wanavyoogopa uchungu. Mama Zaituni aliacha maharage.

"Kumbe si mimi tu peke yangu," alisema.

Nilikaa kwenye kizingiti nikisikiliza. Hakuna aliyenihitaji pale zaidi ya kulinda chaji ya simu. Nilijisikia fahari, na nilijisikia mpweke vibaya sana, vyote kwa pamoja. Labda ndivyo wanavyojisikia wazazi, sijui. Nilimfundisha kuketi na watu, na sasa anaketi nao bila mimi, hata bila kuwepo.

Tumekubaliana hivi. Kesho nitarudi na simu, Mama Zaituni ataita majirani kibarazani kwake, kila mtu na maharage yake, na Kahindo atauliza kutoka Butembo. Shule ikikataa utafiti wa namna hiyo nitapigana nayo, nina miaka ya kutosha ya kuogopwa. Duara la Mama Zaituni limebaki, na amemwambia chef mwenyewe.

Nimerudi nikapika sombe. Nimepika kwenye sufuria kubwa tena, mkono umezoea. Nimempelekea mwenye nyumba nusu, nyingine inapoa hapa mezani.

Nilikuwa namalizia kuandika haya, ujumbe ukaingia. Ulikuwa wa Kahindo, nikadhani anaulizia saa ya kesho.

"Madame, njia ikipona, weye utarudia lini? Mama anasema ukuye ukule kwetu."

Tangu mume wangu afe, hakuna mtu aliyeniuliza nitarudi lini.

Nimeusoma mara nyingi. Chakula kimeshapoa, na bado nausoma.